Kwangu pombe ni haramu. Je, niifanye haramu kwa kijiji kizima?

Shikamoo Bi Somo,

Naandika usiku, watoto wamelala, na simu ni ya mume wangu, kwa hiyo nisamehe nikikosea herufi. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi kijiji kimoja cha wilaya ya Newala, huku juu uwandani. Kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 wanawake wenzangu walinisukuma nikachukua fomu ya viti maalumu, nikapita. Tangu hapo ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Tuko 25, wanawake 8. Nilidhani kazi yetu itakuwa maji, barabara ya kwenda ghalani na ng'ombe wanaoingia kwenye mashamba ya watu. Kumbe kuna mengine.

Mwezi uliopita mjumbe mwenzetu, mzee ninayemheshimu sana, tunaswali msikiti mmoja, alileta rasimu ya sheria ndogo. Karatasi mbili, zimechapwa steshenari mjini. Kifungu cha kwanza kinapiga marufuku pombe ya aina yoyote kijijini, kutengeneza, kuuza na kunywa, na uraka, pombe ya mabibo, yaani matunda ya mkorosho, umetajwa kwa jina. Faini shilingi 50,000 na pombe inamwagwa. Kifungu cha pili kinasema mwezi wa Ramadhani mama lishe wote wafunge mpaka magharibi, na atakayekutwa anakula hadharani mchana alipe 20,000. Mgambo ndio watakaokagua.

Bi Somo, pombe naichukia na sababu ninayo. Kaka yangu, tumbo moja, alikufa kwa nipa, gongo ya huku kwetu. Alitoka kunywa usiku, asubuhi watoto waliokwenda kuokota korosho wakamkuta chini ya mkorosho, amelala kifudifudi, kandambili moja iko mguuni na nyingine ameishika mkononi. Mpaka leo sijui kwa nini aliivua. Nilipoisoma rasimu mara ya kwanza nilisema moyoni, hii ingekuja miaka sita iliyopita kaka angekuwa hai.

Sasa, kaka ameacha mjane. Wifi yangu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na msimu wa mabibo yeye anakamua uraka. Watu wanashangaa, mume kafa kwa pombe halafu mke anauza pombe. Yeye ana jibu lake moja tu: "Uraka haukumuua. Nipa ndiyo iliyomuua." Kuanzia Oktoba utamkuta uani tangu alfajiri anaisokota korosho mpaka inatoka kwenye bibo, korosho ndoo hii, bibo kinuni. Anatwanga, anakamua kwa mikono, anachuja, anamimina kwenye pipa la plastiki. Nyuki wamejaa, nzi wamejaa, na kanga yake ya kazini ina madoa ya kahawia ambayo hata jiki haiyatoi. Jioni wazee wanakuja na vikombe vyao. Kwa hela hiyo mtoto wa kaka yangu yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Mimi shangazi yake sijamchangia hata nauli.

Kikao cha pili ndicho kilichonivuruga kabisa. Mzee alipomaliza kusoma vifungu vyake, akasimama mjumbe mwingine, ni mhubiri wa kanisa la wokovu. Akasema, kama tunaandika haramu za kila mtu, na mimi nina zangu. Akapendekeza unyago na jando vikomeshwe kijijini, kwa sababu kwa imani yake ni mambo ya mizimu na matusi, na ngoma zake ni uchafu. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana binti yangu anaingia unyagoni Desemba hii, somo wake nimeshamtafuta, na kanga nimeshaanza kununua moja moja. Mzee wa msikiti akamjibu, "Unyago ni mila yetu, hiyo ni tofauti." Yule mhubiri akamuuliza, "Tofauti kwa nani?" Hakuna aliyejibu. Mwenyekiti akaahirisha kikao.

Kura inakuja. Mzee amekuja mpaka nyumbani kuniambia, "Mjumbe, siku ya Kiyama utaulizwa kura yako uliiweka wapi." Mume wangu anasema nipige ya ndiyo yaishe, sheria yenyewe hakuna atakayeifuata. Wifi hajasema kitu, ila zamani kila Ijumaa alikuwa ananiletea bakuli la kisamvu cha nazi, na sasa ni Ijumaa ya tatu bakuli halijaja.

Nikikataa, si nitakuwa nimehalalisha haramu? Nikikubali, nitamtazamaje wifi? Na yule mhubiri nimjibu nini?

Mjumbe wa Wanawake, Newala

*

Marahaba, mwanangu. Na pole kwa kaka. Miaka sita si mingi.

Nianze na baba watoto, kwa sababu katika wote waliokushauri yeye ndiye aliyekushauri vibaya zaidi, ingawa najua alitaka ulale. Sheria isiyofuatwa na wote haikai bure. Inamsubiri mtu. Mimi nilikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka mingi huku kusini kabla ya kustaafu, na kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya walioletwa. Kesi za pombe bila kibali niliziandika mpaka kalamu ikaisha wino. Unadhani walioletwa ni wanywaji? Walioletwa ni akina mama, karibu wote wajane au walioachwa, kwa sababu pipa halikimbii na mwenye pipa hana wa kumpigia simu. Mmoja namkumbuka, mwaka 1983, aliletwa mara tatu msimu mmoja. Mara ya tatu alilipa faini kwa noti zilizolowa, zinanuka pombe ileile aliyoshtakiwa nayo. Hakimu alizipokea kwa ncha za vidole. Nikagonga risiti. Mama yule akaenda kukamua nyingine, maana faini ilikuwa imemla mtaji. Kwa hiyo ukipiga ndiyo "yaishe," jua kwamba kwa wifi yako ndiyo kwanza yataanza.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Nitalisema upande wako kwanza, kwa sababu sipendi wale wanaosema imani ibaki msikitini na kanisani, sheria ibaki ofisini, kana kwamba mtu anavua moyo wake mlangoni pamoja na viatu. Sisi watu wa kusini tunajua kuliko wengi kwamba haikuwa hivyo. Kilwa Kivinje na Mikindani zilikuwa bandari za watu. Wayao, Wamakua, Wamakonde walishushwa pwani wamefungwa minyororo, na biashara ile ilikuwa halali kabisa kwenye vitabu vya wenyewe. Katika waliopiga kelele mpaka ikazimwa, wengi walikuwa watu wa dini, na walisema kwa lugha ya dini. Juni 1873 Sultani Barghash akatia saini, soko la watumwa la Unguja likafungwa. Miaka mitatu baadaye Masasi, jirani zenu, Askofu Steere akaanzisha misheni na watu waliokombolewa utumwani. Huku bara utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka 1922. Nani atasema leo kwamba wale walikosea kuingiza imani yao kwenye sheria ya kila mtu?

Lakini tazama kilichowapa haki ya kufanya hivyo. Mtumwa hakuhitaji kusoma kitabu cha padri ili ajue anaumia. Muislamu, Mkristo, mwenye mizimu yake, asiye na chochote, yeyote aliyesimama pale Kilwa na kutazama aliona mtu anaumizwa na mtu mwingine. Imani iliwapa ujasiri wa kusema. Hoja yenyewe ilikuwa mbele ya macho ya wote.

Kifungu cha pili cha rasimu yenu hakina hoja ya namna hiyo. Nani anaumia mama lishe akimuuzia dereva wa lori uji mchana wa Ramadhani? Aliyefunga anaudhika, sawa. Saumu yake haiharibiki. Nami nikuulize kama mwanamke mwenzio. Mgambo amepewa kazi ya kukagua nani anakula. Amemkuta binti wa miaka 25 kibarazani anakula muhogo. Anamuuliza, "Mbona hufungi?" Binti huyo amjibu nini mbele ya watu, na dini yake mwenyewe imempa ruhusa ya siku zake? Mjamzito amjibu nini? Mgonjwa wa sukari? Msafiri? Dini imewaondolea mzigo watu hawa kwa siri na kwa heshima, halafu rasimu yenu inamleta kijana mwenye rungu aje awahoji kwa sauti. Mzee wenu ana nia njema, simvunjii adabu, ila nadhani alipokuwa anaandika hakukumbuka kwamba wanawake wana miili.

Na jambo hili watu wa kwetu walishalimaliza bila karatasi. Mwezi ukiandama, mama lishe anatundika kanga au turubai mbele ya kibanda, wanaokula wanakula ndani, maisha yanaendelea. Wakristo wengi wa mwambao huu hawali barabarani Ramadhani, na hakuna aliyewatoza senti. Mkiwawekea faini mtaambulia watu wanaokula mbele yenu makusudi.

Tena kuna Katiba. Ibara ya 3 inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyo na dini, na ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani na kuyaweka mambo ya dini kuwa hiari ya mtu mwenyewe. Sheria ndogo ya kijiji haiwezi kupanda juu ya hapo. Hata mkiipitisha ninyi na mkutano wa kijiji ukaikubali, lazima iende halmashauri ya wilaya ndipo ipate nguvu, na sioni mwanasheria wa wilaya atakavyokiacha kifungu hicho kipite. Mtakuwa mmegombana kwa karatasi.

Pombe ni kesi nyingine, na hapa sitakuambia hakuna anayeumia. Umemzika kaka.

Wifi yako lakini ameona kitu ambacho rasimu haijakiona. Kwa wasomaji wetu wa mbali ambao hawajala bibo: uraka ni maji ya mabibo yaliyochachuka, basi. Nipa ni uraka huo uliopikwa na kuvukishwa, ndiyo gongo ya kwetu. Uraka una kilevi, lakini una mwisho wake, maana tumbo linajaa kabla ya kichwa. Nipa haina kipimo. Anayepika haijui nguvu yake, mtambo ni pipa ambalo pengine jana lilikuwa na dawa ya korosho, na mnywaji anapewa kwa kikombe kilekile. Nipa haihitaji sheria yenu, mwanangu. Kupika moshi bila leseni, na moshi ndilo jina la gongo vitabuni, ni kosa la jinai nchi nzima tangu sheria ya 1966. Kilichomuua kaka yako kilikuwa marufuku siku aliyokufa, na siku aliyozaliwa pia, kama amezaliwa baada ya hapo. Kwa hiyo yale uliyojisemea moyoni, kwamba rasimu hii ingemwokoa, sidhani. Marufuku ilikuwepo. Hakukuwa na mtu wa kuuliza moshi ule unatoka uani kwa nani.

Na fikiria mkiufuta uraka. Uraka unataka mapipa, unataka uwanja, unanuka mpaka njiani, na ukikaa siku mbili tatu umekuwa siki. Haufichiki. Nipa inakaa kwenye chupa ya maji chini ya kitanda mwaka mzima. Na mabibo hayataacha kuanguka kwa sababu halmashauri imekaa. Yasipokamuliwa mabichi yataanikwa yawe kochoko, na kochoko litasubiri gizani mpaka mpishi wa nipa alihitaji. Marekani walijaribu nchi nzima, wakapiga marufuku pombe 1920. Watu wakahamia kwenye vikali vya kujificha, wengine wakafa kwa sumu, na 1933 wenyewe wakaifuta marufuku. Nakuomba usipige kura itakayowatoa wazee wa kijiji kwenye kikombe cha wifi yako na kuwapeleka kwenye chupa iliyomuua kaka yako.

Hapa sasa ndipo hasira yako ina kazi. Yapo madhara ya uraka ambayo hata mnywaji mwenyewe atakubali kwamba ni madhara. Watoto wanaotumwa kununua wanaonja njiani, na msimu ukichanganya wapo wanaoingia darasani macho mekundu. Kuna mume anayechukua korosho za nyumbani usiku, kilo mbili, kilo tatu, anakwenda kulipia pombe kwa kangomba, ule uuzaji wa korosho wa kificho, mke anakuja kushtuka siku ya mnada. Kuna kilabu kiko hatua ishirini kutoka ukuta wa shule. Andika hayo. Sheria ya Vileo ya 1968 inazitambua pombe za kienyeji na inataka ziuzwe kwa leseni na kwa saa zake, kwa hiyo hapo kijiji kina pa kusimama: mtoto asiuziwe wala asitumwe, kusiuzwe asubuhi, kusiuzwe karibu na shule wala nyumba ya ibada, na muuzaji asipokee korosho badala ya hela. Hiki cha mwisho kipiganie hasa, maana ndicho kinachokula nyumba za wanawake waliokuchagua. Wifi yako atanung'unika kidogo juu ya saa, halafu atafuata.

Nije kwa mhubiri. Swali lake, "Tofauti kwa nani?", ndilo swali bora lililoulizwa kwenye kikao chenu, hata kama alilitoa kwa kejeli. Uliposikia unyago unatajwa moyo ulikupasuka, sivyo? Ulijiona mtu mwingine amesimama na kitabu chake, kitakatifu kwake, anataka kukuondolea kitu ambacho mama yako alikupa na wewe unataka kumpa binti yako. Hakukuuliza kinafanyika nini ndani. Kwake ni uchafu, imekwisha. Basi ndivyo Mkristo wa kijijini kwenu alivyojisikia kifungu cha Ramadhani kiliposomwa. Kijiji chenu Waislamu ni wengi, nafahamu. Vipo vijiji vya Masasi na Ndanda ambako hesabu imegeuka, na huko wapo akina mama wa Kiislamu wanaotegemea jirani asiwaandikie imani yake kwenye faini. Geita mwaka 2013 watu waligombania nani mwenye haki ya kuchinja mpaka mtu akauawa. Ilianzia kwenye nyama.

Hata makanisa yenyewe hayakuwa na sauti moja juu ya mila zetu. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Masasi kuanzia 1926 mpaka 1944, alikuta jando, na badala ya kulipiga vita akalifanya la Kikristo, vijana wakaenda kumbini na sala na makasisi wao. Wapo waliomsema sana. Lakini aliuliza kwanza kitu hiki kinawafanyia watu kazi gani. Mhubiri wenu anaweza kumkataza muumini wake unyago, hiyo ni haki yake na ya kanisa lake. Kumkataza mwanao ni jambo jingine.

Hata hivyo usitoke hapo ukiwa umeshinda. Unyago nao una mlango ambao sheria ina haki ya kuupitia, na nakuambia mimi ambaye jina langu la safu limetoka humohumo. Watoto wanatolewa darasani katikati ya muhula. Wengine wanachezwa wana miaka saba, minane, wanafundishwa mambo ya mke na mume kabla hawajajua kusoma sentensi, na kesho yake mtaa unawatazama kama watu wazima. Mimba za shuleni unazijua. Mhubiri alisema mizimu. Angesema shule, ungemjibu nini? Mahakama Kuu ilipoulizwa Julai 2016 kuhusu vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu binti aolewe kabla ya miaka 18, ilisema vinakwenda kinyume cha Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Serikali ilijitetea kwa mila na dini pia. Mahakama ikamtazama mtoto. Sheria hiyohiyo ya 1971, lakini, mpaka leo inatambua ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi, kwa sababu waliokaa kuiandika walijua wakiegemea kitabu kimoja watakuwa wamewatoa nje nusu ya watu. Huko ni watu wazima, wenye akili zao. Kwa hiyo ungana na mhubiri kwenye kifungu kimoja: unyago na jando likizo ya Juni au Desemba tu, na binti awe amefikia umri. Wako umemwekea Desemba, vizuri. Umri wake hukuutaja, na nimeona kwamba hukuutaja.

La Kiyama. Mimi si shehe, nitasema ninalolijua. Mzee amekuchanganyia mambo mawili, kuruhusu kitu na kukataa kumpiga mtu faini kwa kitu hicho. Kusengenya ni haramu, tena Qurani imekifananisha kitendo hicho na kula nyama ya ndugu yako aliyekufa. Mbona rasimu haina faini ya kusengenya? Kijiji kingefilisika wiki ya kwanza, na mimi ningekuwa wa kwanza kukamatwa. Kuacha swala ni kosa kubwa kuliko kikombe cha uraka, na sijaona kifungu cha mgambo kugonga milango alfajiri. Mzee mwenyewe anajua yapo mambo ambayo mtu anaachiwa na Mola wake. "Hapana kulazimishwa katika dini" imo kwenye Al-Baqara, aya ya 256, na yeye anaisoma kwa tajwidi nzuri kuliko mimi na wewe. Ukiulizwa siku hiyo, utaulizwa pia ulimfanya nini mjane wa kaka yako na yatima wake. Mwambie hivyo, kwa adabu, mkiwa wawili, si kikaoni.

Wapo wazee wenzangu watakaosoma hapa waseme Bi Somo amezeeka vibaya, anatetea pombe. Wengi wao ndio hao walioshangilia Operesheni Vijana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio dhidi ya vimini, mawigi na suruali za kubana, kwa ajili ya utamaduni na maadili, lianze kutekelezwa Januari 1969. Hata kabla ya tarehe, wasichana wa Dar es Salaam walishushwa kwenye mabasi Kariakoo wakachaniwa nguo na wanaume ambao hakuna mtu aliyewapima maadili yao. Nilikuwa binti mdogo, habari zilitufikia Lindi kwa redio na kwa barua ya dada yangu. Mama alikaa akaishona upya sketi yangu ya shule, na haikuwa fupi.

Sasa kikao. Omba vifungu vipigiwe kura kimoja kimoja, usikubali rasimu yote ipite kwa mkono mmoja. Kabla ya kura simama useme wazi kwamba hunywi, kwamba kwako ni haramu na itabaki haramu, na kwamba umemzika kaka. Usione aibu kusema hilo, kila mtu pale anamjua marehemu. Halafu leta vifungu vyako, vya watoto, shule, saa, korosho na likizo, na uombe mwenyekiti na mtendaji waandike barua polisi kuhusu mtambo wa nipa, ambao nina hakika nusu ya wajumbe wanajua uko wapi. Ukishindwa kwa kura, bado kuna mkutano wa kijiji, na huko kila mkazi wa miaka 18 kwenda juu ana sauti. Wifi yako ana sauti huko.

Kabla ya hapo nenda kwake. Usingoje Ijumaa ya nne. Chukua bakuli lako mwenyewe, peleka chochote, mwambie unachokwenda kusema ili asikisikie kwa watu. Na ukiwa pale muulize ada ya mtoto imebaki kiasi gani.

Vifungu vyako viandike kwa mkono, nakala mbili, moja umkabidhi mtendaji siku mbili kabla na akusainie kwamba amepokea. Nimekuwa karani muda mrefu. Kisichokuwa mezani kwa mtendaji mapema hakiingii kwenye muhtasari, halafu utaambiwa hukusema kitu.

Bi Somo